Mnanitafuta nisipokuja

Nilisema ya kazini siyaleti tena humu, na mnajua kwa nini, ila hili limenikaa kooni tangu Jumanne, nalala nalo naamka nalo. Mama mmoja wa kwenye utafiti wetu wa tiba ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni kubwa (simtaji, na nimebadilisha vitu kadhaa asijulikane) hakuja kwenye miadi yake, nikampigia kama kawaida, shikamoo mama, jana tulikusubiri. Akaitikia vizuri tu, marahaba mwanangu, kisha akasema, "Ninyi nikija hamna habari na mimi, nisipokuja ndio mnanitafuta."

Nikamjibu, "Hapana mama, tunakujali."

Tunakujali! Kama ile sauti ya benki inayokwambia usikate simu, wahudumu wote wana wateja. Toka hapo nikioga najitungia majibu mengine, yote mazuri, yote yamechelewa. Wiki hii dada kajifungua salama, bosi kaaga anaondoka kazini, kamati ya maadili imepitisha marekebisho yetu, na mimi niko palepale kwenye ile simu.

Kinachoniuma ni kwamba kasema kweli tupu. Na si kwamba sisi watu wabaya, ndivyo kazi yenyewe ilivyopangwa. Akija, mimi ndiye mpimaji, na mpimaji haruhusiwi kujua kompyuta ilimpangia kundi gani, la wanaopata tiba ya mazungumzo sasa hivi au la wanaosubiri, nisije nikampa alama kwa ninachotarajia badala ya anachosema. Kwa hiyo namsomea dodoso la PHQ-9, la kupimia sonona, neno kwa neno, katika wiki 2 zilizopita ni mara ngapi umesumbuliwa na hiki na kile, majibu ni manne, kuanzia hakuna kabisa mpaka karibu kila siku, 0 mpaka 3, maswali 9, jumla haizidi 27. Akianza kunisimulia usiku wake ulivyokuwa inabidi nimrudishe kwenye yale majibu manne. Akianza tu "kule kwenye..." namkatiza, mama hilo usiniambie, nisije nikajua kundi lake. Ni swali la 9 peke yake, lile la kuwaza kufa au kujidhuru, ndilo linaloniruhusu niweke kalamu chini nikamwite daktari.

Asipokuja sasa! Simu, meseji, simu tena, halafu namba ya ndugu aliyotuachia siku anasaini ridhaa. Maana kwenye utafiti wa sonona mtu hapotei hivihivi. Mmoja kashindwa kuinuka kitandani, mwingine kapata nafuu karudi kwenye shughuli zake haoni tena cha kufuata kwetu, na ukihesabu waliokuja tu unaweza ukaitangaza tiba inaponya kumbe waliozidiwa ndio hawakuhesabiwa. Ndio maana hata aliyeacha katikati anabaki kwenye hesabu ya kundi alilopangiwa mwanzo. Mtakwimu ana njia zake za kuziba mapengo ila ni makisio, mwenyewe anakiri (makisio yaliyovaa suti, nayaita mimi).

Kwenye mafunzo walituonyesha lile jaribio la Friendship Bench (benchi la urafiki) la Zimbabwe, la tiba ya mazungumzo, lililochapishwa 2016, waliingia watu 573 na baada ya miezi 6 wakawapata 521. Niliona kama mazingaombwe. Lakini waliokuwa wanakaa na wale wagonjwa ni wahudumu wa afya wa jamii, kina mama watu wazima wa hukohuko, sio mtu kama mimi anayepiga kwa namba ngeni. Hata kwetu anayewafanya watu warudi kuliko meseji zangu zote ni dada wa mapokezi, anakumbuka mtoto wa nani alikuwa na mtihani, na hayumo popote kwenye protokali, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti. Wala hajaongezwa mshahara.

Halafu kama kompyuta ilimtupa kundi la kusubiri, basi mama wa watu alichopata kwetu mpaka leo ni maswali tu. Sijui, na siruhusiwi kujua. Na kuacha ni haki yake wakati wowote, lilishaandikwa kwenye Azimio la Helsinki, lile la madaktari wa dunia kuhusu utafiti kwa binadamu, kwenye fomu yetu tumeongeza na bila kutoa sababu, mimi mwenyewe ndiye niliyemsomea, na mimi huyohuyo ndiye ninayelipwa ili asiitumie hiyo haki. Mweh.

Ila sijawamalizia. Baada ya lile tunakujali langu palikuwa kimya, nikajua kakata, kumbe anacheka. "Haya soma maswali yako, ila leo usinikatize." Nikasoma. Kwenye swali la usingizi aliongea weee, paka wa jirani, mwanawe, redio, nikamwacha tu amalize, mwisho akajichagulia mwenyewe, "Andika siku kadhaa. Mara ile nilikwambia karibu kila siku, ulinisikia lakini?"

Nilikusikia mama. Niliandika 3. Safari hii nimeandika 1 na nimetabasamu peke yangu kama chizi, mpimaji mzima asiyetakiwa kuwa na upande.

Sasa ya nyumbani, bi mkubwa wetu ana miadi ya macho Jumatano, wote wako kwa dada na kichanga, hakuna aliyesema nani anampeleka, na yeye anasisitiza eti ataenda mwenyewe, na haoni zile ngazi.