Kwa nini hakuna sindano ya insulini ya mwezi mmoja

Shangazi yangu wa Kisauni, ambaye hujidunga insulini kila siku na kuichelea kila umeme unapokatika, aliniuliza juzi: "Mwanangu, ikiwa sindano ya kupanga uzazi hukaa miezi mitatu, mbona sisi wa sukari hatupati hata ya mwezi?" Nilimjibu kwa ufupi, chai isije ikapoa. Hapa nitajibu kwa kirefu.

Sindano ya miezi mitatu ni chembechembe za homoni ndogo, imara, ambazo huyeyuka taratibu ndani ya msuli. Insulini ni protini, yaani mnyororo uliokunjwa kwa umbo maalumu, na umbo hilo likiharibika kazi yake nayo imekwisha.

Njia iliyotafitiwa sana ya kuachilia dawa polepole ni kuifungia ndani ya vitufe vidogo mno vya polima (minyororo mirefu ya molekuli zinazojirudia) iitwayo PLGA, ambayo ni jamaa ya nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe. Maji ya mwili huikata polima hiyo ikawa asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki, ambazo mwili huzimudu bila taabu. Leuprolidi, dawa ya saratani ya tezi dume, imekuwa ikitolewa hivyo Marekani tangu mwaka 1989. Lakini hiyo ni mnyororo mfupi wa amino asidi (vijenzi vya protini) 9 tu, usio na umbo kubwa la kuharibika.

Protini kamili hupata mateso tangu kiwandani. Mara nyingi maji yenye protini hupigwa pamoja na polima iliyoyeyushwa katika kiyeyushi kama dikloromethani, na pale vimiminika viwili vinapokutana protini hukunjuka na kugandana, kama ute wa yai unavyogeuka povu zito ukipigwa kwa ajili ya keki. Ikinusurika hapo, inangojwa na tindikali: polima inapokatika, asidi hunaswa ndani ya kitufe, na pH (kipimo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi) inaweza kushuka chini ya 3, katika unyevu na joto la nyuzi 37, kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana katika vipimo vingi, baada ya dawa nyingi kumwagika siku ya kwanza, hufuata kimya. Msomaji wa haraka hudhani kitufe bado kinaitunza dawa iliyosalia, ilhali huenda imekwisha kufia humo ndani.

Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba magnesi hidroksaidi, ile ile ya dawa za kiungulia, ikichanganywa katika polima huipunguza tindikali hiyo. Homoni ya ukuaji, ambayo ni protini, nayo ilifungamanishwa na zinki ili isiharibike, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1999 kwa jina la Nutropin Depot, kisha ikaondolewa sokoni mwaka 2004 kwa kuwa kuitengeneza na kuiuza kulidai rasilimali nyingi mno.

Kwa insulini hatari ni kubwa zaidi, kwani mmwagiko wa siku ya kwanza unaweza kuishusha sukari hadi kuua, na kitufe kilichokwisha kudungwa hakirudishwi. Eksenatidi ya kila wiki, dawa ya vitufe vya PLGA iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa kisukari cha aina ya pili, ilikuwa na nafuu hapo: ilichochea mwili kutoa insulini hasa sukari inapokuwa juu. Nilipomweleza shangazi kwamba hata hiyo ilihifadhiwa kwa nyuzi 2 hadi 8, alicheka akasema, "Kumbe friji ni ile ile."