Ngazi tatu na vijiti vitatu: nilivyojifunza kuendesha warsha za haki

Warsha yangu ya kwanza ya haki za binadamu niliiendesha kama mwalimu wa zamu. Nilisimama mbele nikasoma Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kifungu baada ya kifungu, vyote 30, na watu wakatikisa vichwa. "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa." Nani atabisha hapo? Jioni fomu za tathmini zilijaa "nzuri sana", nami nikalala nikijiona mwezeshaji.

Aliyenizindua ni mkalimani wa lugha ya alama. Warsha ya tatu ilikuwa na washiriki wawili viziwi, na niliamini kwamba kwa kumleta yeye suala la ujumuishi limekwisha. Wakati wa mapumziko akanivuta pembeni. "Dada, ukiuliza swali unajibiwa kabla sijamaliza kulitafsiri. Hawa wakinyoosha mikono, wewe uko swali lingine. Halafu unaandika kwenye bango kitita huku unaongea. Waangalie wapi, mikono yangu au bango?"

Sikuwa na la kujibu. Tangu siku hiyo nikiuliza swali nanyamaza mpaka mikono yake itulie, ndipo naruhusu majibu. Mwanzoni ukimya ule unatesa. Wasemaji wa ukumbi (kila ukumbi unao wawili watatu) hujinyonganyonga vitini kama wanaozuiwa kwenda haja. Nisichokitegemea ni kwamba wanawake waliokaa nyuma, ambao wanasikia vizuri kabisa, nao walianza kusema. Siku hizi naomba pia wakalimani wawili wapokezane, maana mmoja akifululiza nusu saa anachoka na mengi yanampita.

Hilo lilirekebishika haraka. Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye kukusanya mahitaji. Nilikuwa nauliza "Mnahitaji nini?", naorodhesha majibu, kisha kila mtu anapewa vijiti vitatu aviweke kwenye hitaji analoliona zito. Siku moja barabara ilizoa karibu vijiti vyote. Mlango wa kituo cha afya, uliotajwa na mshiriki mmoja anayetumia kiti mwendo, ulipata vitatu tu, vyake mwenyewe. Nilishaanza kuandika "kipaumbele cha kwanza: barabara" ndipo kalamu ikanigomea. Asubuhi nzima nilikuwa nawaambia kwamba haki ya mtu haisubiri wingi wa watu, na mchana nikaipigisha kura. Mtu aliye peke yake kati ya 26 atashindwa leo, atashindwa kesho, na ripoti yangu itasema jamii imeamua.

Siku ya pili nikaviacha vijiti kwenye mkoba. Nilitandika karatasi kubwa sakafuni, nikaomba kila mmoja achore mahali alipowahi kurudishwa au kushindwa kuingia. Ukiuliza watu wanahitaji nini, wanakupa maombi, tena yale wanayodhani wafadhili wanayapenda. Ukiuliza walirudishwa wapi, wanakumbuka. Mama mmoja alichora dirisha la ofisi alikoambiwa arudi na mumewe. Mumewe alishafariki. Yule bwana wa kiti mwendo alichora ngazi tatu, basi.

Mzee mmoja, mstaarabu kabisa, akaitazama ile michoro akauliza, "Lakini mwanangu, si huwa tunakubeba?"

"Mnanibeba, mzee wangu, na nashukuru. Ila kuna siku naenda pale kwa jambo ambalo sitaki wabebaji walijue."

Ukumbi ulinyamaza, safari hii bila kuombwa. Hapo tu ndipo nilipotoa Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, nikasoma kifungu cha 9 kinachohusu ufikikaji na cha 22 kinachohusu faragha. Sikufafanua chochote. Mzee ndiye aliyeshika kalamu akauandika mlango ule kwenye barua ya kwenda kwa wahusika, juu kabisa, sambamba na barabara.

Miezi kadhaa baadaye nikaitwa kuona mteremko uliojengwa mahali pa zile ngazi. Picha zilikuwa zimeshapigwa. Bwana yule alinisubiri chini yake, hajapanda. Kipimo kinachotumika sana ni sentimita 12 za mlalo kwa kila sentimita 1 ya mwinuko, kwa hiyo ngazi zenye kimo cha sentimita 45 zinataka mteremko wa zaidi ya mita 5. Ule ulikuwa haufiki mita 2. "Nikijaribu kupanda nabinuka chali," alisema, huku anacheka. "Mbona hakuna aliyeniuliza kabla saruji haijamwagwa?"

Nami sikuuliza. Niliishia kwenye barua. Walibomoa, wakajenga upya, na safari hiyo yeye alikuwa pale tangu kupigwa kwa kamba. Kwenye mkoba wangu, kando ya kalamu na gundi, sasa kuna futikamba.