Madaftari ya asali ya babu: kilo 8 za kila debe zimepatikana

Hatimaye nimejua mavuno yalipotelea wapi. Hayakupotea popote.

Kisa kwa ufupi: tangu utotoni nasikia kwamba babu alipomwachia shangazi biashara ya asali, nyuki walihama, mavuno yakaporomoka, hadi baba mdogo alipokuja na mizinga ya Langstroth (masanduku yenye fremu, yaliyobuniwa na Mmarekani wa jina hilo) kuinusuru. Hadithi hii ikianza, shangazi hunyanyuka akaenda kuosha vyombo. Nami nilipoingiza madaftari ya mauzo kwenye kompyuta, takwimu zikakaa upande wa hadithi: kilo zinashuka kwa zaidi ya robo tangu shangazi aliposhika kalamu, kisha zinapaa kwa asilimia 40 mwaka aliokuja baba mdogo.

Kilichoninyima usingizi ni safu ya fedha. Haikutikisika. Wateja wale wale, bei ile ile, asali pungufu, pesa haipungui? Haiwezekani.

Nikaanza na maji, kwa kuwa asali iliyorinwa kabla masega hayajazibwa huwa nyepesi. Hesabu ikakataa: asali yenye maji asilimia 17 na yenye asilimia 20 zinapishana gramu kama 20 tu kwa lita. Robo nzima huipati hapo. Nikahesabu mizinga, idadi haikubadilika. Nikatafuta mwaka wa ukame, nao haukuwapo. Nilifika mahali pa kulichukia daftari lenyewe.

Jibu lilikuwa kwenye tarakimu, wala si kwenye jumla zake. Babu anaandika kwa kila debe: 27.5, 28, 29, 28.5. Shangazi: 20, 40, 20, 60, 100. Baba mdogo: 28, 27.5, 28.5. Sasa mizani gani hiyo inayosoma 20 kila siku ya Mungu? Shangazi alikuwa hapimi. Alihesabu madebe akazidisha kwa 20, maana debe ni lita 20 na lita ni kilo. Ya maji, naam. Lita ya asali ina takriban kilo 1.4, na 20 mara 1.4 ni 28. Nimejaza chupa ya lita moja nikaipima, nikaipima tena, kwa raha tu.

Nikapiga simu.

"Shikamoo shangazi. Hivi mizani ya babu iliishia wapi?"

"Marahaba. Ile ya kuning'iniza? Ilikatika springi mapema tu, mwanangu. Wakaniambia itanunuliwa nyingine."

Ikanunuliwa kweli, na baba mdogo, msimu ule ule wa mizinga mipya.

Angalia uonevu wa asilimia: kutoka 28 kwenda 20 ni kushuka kwa 29, kutoka 20 kurudi 28 ni kupanda kwa 40. Kwa kilo 8 zile zile, shangazi kabeba lawama na baba mdogo kavuna sifa kubwa kuliko hiyo lawama. Sina ugomvi na Langstroth. Ile nafasi ya milimita chache ambayo nyuki hawaizibi, aliyoitumia kwenye mzinga wake mwaka 1851, ndiyo inayotuwezesha kunyanyua fremu bila kubomoa kitu. Ila ule mruko wa mwaka wa kwanza ni kazi ya mizani.

Kuhusu vifaa: skana ya kulaza ni adui wa daftari kuukuu, inalivunja mgongo. Simu kwenye stendi, taa ikipiga kutoka ubavuni, na hata penseli iliyofutika inasomeka. Programu za kusoma mwandiko nimeziweka kando. 1 ya babu zinaifanya 7, na kwenye kazi kama hii hilo ni balaa.

Awamu hii ya kukusanya historia ya familia yetu ilikuwa ya kuhoji wazee na kupanga picha za familia. Picha zitasubiri, kwa sababu nimeiona safu ya nta. Ukiponda masega, nta yote inabaki mkononi mwako na unaiuza. Ukitumia mashine ya kuzungusha masega ili asali itoke, masega yanarudi mzingani na unabaki na nta ya vifuniko vyake peke yake. Kwa hiyo mwaka nta iliposhuka ghafla huku asali ikiwa vilevile ndio mwaka mashine ilipoingia nyumbani, na baba mdogo na shangazi kila mmoja anadai ni yeye aliyeileta. Nimeshafika daftari la tatu. Nta bado iko juu, na mwandiko bado ni wa shangazi.