Joyce Alilala Chini Dodoma

"King Kong? Lile sokwe la sinema?" shemeji aliniuliza stendi ya Msamvu, Morogoro, nilipomwambia naenda Dodoma kuona mchezo wa kuimba wa jina hilo. Nikamwambia hapana, ni bondia. Basi likaondoka hajaamini.

Bondia mwenyewe ni Ezekiel Dlamini wa Afrika Kusini, na hilo lilikuwa jina lake la ulingoni. Mwaka 1956 alimuua mpenzi wake, akaiomba mahakama imnyonge. Ikamfunga, na mwaka uliofuata akafa maji. Todd Matshikiza akatunga muziki wa kisa hicho, mchezo ukafunguliwa Johannesburg Februari 1959, Miriam Makeba akiwa Joyce, yule mpenzi, ambaye mchezoni ni mwenye kilabu cha pombe. Mwaka 1961 ukaenda London. Baadhi ya waigizaji hawakurudi nyumbani. Siku hizi kuuona jukwaani ni bahati, kwa hiyo niliposikia wanafunzi wa Dodoma wanaujaribu, niliomba ruhusa kazini.

Gairo nilikula mahindi ya kuchoma. Kibaigwa, malori na magunia kama kawaida. Mbande, njia panda ya Kongwa, nilifuta vumbi kiooni nikachungulia ile barabara: huko ndani ndiko wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikopiga kambi miaka ya 1960. Abiria wenzangu walikuwa wamelala.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na upepo wa Julai uliopenya kila dirisha. Kilabu cha Joyce kilikuwa na vibuyu na ndoo iliyoandikwa WANZUKI kwa chaki, nami sikuona kosa pombe yetu ya asali kuuzwa Johannesburg. Filimbi ilitengenezwa kwa kipande cha bomba la maji. Mpigaji aliifuta kwa shati kila alipomaliza wimbo. Kinanda kingezimwa tu.

"Shikamoo, mama," nilimsalimia jirani yangu.

"Marahaba, mwanangu. Huyo Joyce ni wa kwangu, kitinda mimba."

Tangu zamani mchezo huu naudai kitu kimoja: nyimbo zinampendelea muuaji. Bondia anaimbiwa vizuri mno hata unasahau kuna mtu amekufa. Hapa, alipomkaba Joyce, vijana wa nyuma walicheka. Muigizaji akasimama kimya, mikono ikining'inia, mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

Kisha wakafanya jambo ambalo sikulitegemea. Hawakumtoa Joyce. Meza ya hakimu ikaletwa, karani akamruka, mashahidi wakamzunguka, naye kalala palepale, kiatu kimoja kimevuka. Bondia akaimba akiomba anyongwe, kwa sauti nzuri kweli, lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye ule mguu mtupu. Nyuma hakucheka mtu.

Mama akaninong'oneza, "Sakafu ile ni saruji. Atashikwa na baridi."

Makofi yalipoanza hakupiga. Alikuwa ameshainuka, anapita katikati ya viti kuelekea jukwaani, khanga yake ameikunjua tayari mikononi.