Geti la Mwalimu

Mwaka 2008, nikiwa na miezi saba karakanani Busia, upande wetu wa Uganda, niliachiwa geti la kwanza nichomelee peke yangu. Milango miwili, fremu ya bomba la mraba la milimita 40, juu yake bati la milimita moja na nusu. Nilitaka liwe imara. Nikaanzia kona moja ya mlango wa kwanza, nikachoma mshono mfululizo mpaka nikarudi nilikoanzia.

Chuma kikaanza kupoa. Tik, tik, kama maganda ya maharage yanayopasuka juani. Kona mbili zikanyanyuka mezani huku natazama.

Mzee aliyenifundisha kazi, Mnubi wa Bombo, akavuta uzi kutoka ncha hadi ncha. Katikati, kidole gumba kilipita bila kuugusa. Nikashika nyundo.

“Iweke chini, mwanangu. Kilichokipinda ni moto.”

Akanieleza: chuma kikipata moto hutanuka, lakini palipoyeyuka pamezungukwa na chuma baridi kisichokubali kupisha. Pakipoa panasinyaa na kuvuta majirani. Mshono wangu wote ulikuwa upande mmoja, basi wote ukavuta huko.

Tukageuza mlango, mgongo juu. Akachora pembetatu za chaki palipobinuka, akawasha gesi. Alipasha moja tu hadi wekundu hafifu, ule unaoonekana kivulini, kama digrii 600. Nundu ikazidi! Moyo ukanipasuka. Mzee akanyamaza, akaningojesha. Wekundu ulipokufa, chuma kikaanza kushuka polepole, kikapita pale kilipokuwa mwanzo, kikaendelea kunyooka. Pembetatu ya pili, uzi. Ya tatu, uzi. Magharibi ikiadhiniwa, chini ya uzi ilibaki nafasi ya njiti ya kiberiti.

Mlango wa pili tuliushikiza kwanza pande zote, nukta moja kila shubiri, tukaufunga kwa klampu mgongo kwa mgongo na ule wa kwanza. Nikachoma vipande vya vidole vitatu, kona hii kisha ya mkabala, nikingoja pawe vuguvugu. Kwingine tukaacha bila mshono. Bati la geti halihitaji zaidi. Klampu zikalala nalo hadi asubuhi.

Mwalimu mwenye geti alipokuja tukasimamisha milango yote miwili, tukaikutanisha. Mama wa watu akafungua pochi kutoa baki. Mzee alikuwa bado amechuchumaa, jicho moja kalifumba, akifuatilia ule uwazi mwembamba kutoka chini hadi juu.