Msumari wa reli njiani Kennecott

Baba yangu alifanya kazi ya reli Kasese, Uganda, enzi shaba ya Kilembe ikibebwa kwa treni kwenda kuyeyushwa Jinja. Kwa hiyo nilipohamia Anchorage na kusikia kwamba humu humu Alaska kuna mji wa shaba ulioachwa, Kennecott, nilijua lazima nifike.

Kazi ni barabara. Kutoka Chitina ni kilomita 96 za changarawe juu ya tuta la reli ya zamani. Treni zilianza 1911, ya mwisho ikapita Novemba 1938. Reli zikang'olewa, misumari ikabaki ardhini, na kila greda likipita mingine inaibuka. Kampuni niliyotaka kukodi gari ilikataa katakata. Rafiki akaniazima pikapu, nikaongeza spea ya pili na pampu ya upepo, na tangi nikalijaza mapema.

Sikuzidi kilomita 50 kwa saa. Hata hivyo, baada ya daraja la Kuskulana, lililo juu ya korongo la mita zaidi ya 70, usukani ukaanza kuvuta kushoto. Pancha. Jeki ikazama kwenye changarawe mpaka nilipoiwekea ubao chini. Na mbu wa kule, jamani! Msumari ulikuwa umezama kwenye tairi hadi kichwani: wa pembe nne, mnene kama kidole gumba, mwekundu kwa kutu. Nikaupiga picha.

Gari linaishia mtoni. Unavuka daraja la miguu, halafu unapanda basi dogo. Mtambo wa Kennecott ni mwekundu, ghorofa 14, umeegemea mlima. Mawe yaliingia juu, yakasagwa na kuchambuliwa huku yakiteremka ghorofa hadi ghorofa. Bondeni niliona vilima vya kifusi, nikadhani ni uchafu wa mgodi. Mhifadhi akaniambia ule ni mto wa barafu, mawe yameufunika tu. Nilisimama pale nikiutazama mpaka basi likaniita.

Nilipopata mtandao nikamtumia baba picha ya msumari. Akapiga saa hiyo hiyo.

"Huu ni wa mataruma ya mbao, mwanangu. Yetu yalikuwa ya chuma."

Akanyamaza, kisha akauliza kama kuna mtu yeyote aliyebaki huko. Nikamwambia McCarthy, pale jirani, wapo wanaoishi hadi leo, hata majira ya baridi.

"Afadhali," akasema.