Mifflin Gibbs: fundi seremala, diwani, wakili, hakimu

Leo nawaletea Mifflin Wistar Gibbs, Mmarekani mweusi ninayeona hatajwi inavyostahili. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1823, akajifunza useremala, kisha mwaka 1850 akaenda San Francisco. Huko yeye na Peter Lester walifungua duka la viatu lililonawiri.

Tatizo lilikuwa sheria ya California. Mtu mweusi hakuruhusiwa kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mzungu. Mteja mzungu alimpiga Lester mle dukani na kesi haikuwezekana, kwa sababu ushahidi wa mwenye duka na wa mshirika wake haukuhesabika. Na bado walidaiwa kodi ya kichwa, ilhali kura hawana! Waligoma kulipa. Bidhaa zao zikakamatwa na kupigwa mnada, hakuna aliyenunua, zikarudishwa. Mgomo wa namna hiyo unahitaji ujasiri mkubwa.

Mwaka 1858 Gibbs alihamia Victoria, British Columbia, katika Kanada ya leo, na mwaka 1866 akachaguliwa diwani. Sheria aliisomea ukubwani, baadaye akasajiliwa kuwa wakili Arkansas. Mwaka 1873 wapiga kura wa Little Rock walimchagua hakimu wa jiji, Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwenye cheo hicho nchini mwake.

Kisha akaja upande wetu wa Bahari ya Hindi: Rais McKinley alimteua kuwa konseli (balozi mdogo) wa Marekani Tamatave, Madagaska, bandari inayoitwa leo Toamasina. Aliitumikia hadi 1901.